Tunapokwenda Kumwona Mzazi, Twamwona Nani?



Katika mtaa wetu hakuna desturi tunayoishika vizuri kuliko ile ya kwenda kumwona mzazi. Habari ikifika ya kuwa fulani amejifungua salama, Umoja wa Akina Mama hukusanya fedha kidogo, hununua sabuni, sukari, unga wa uji na khanga, nasi huenda kwa nyimbo. Tukifika twakaa mkekani, mtoto analetwa, anapita kutoka mkono hadi mkono. Mmoja asema amefanana na baba yake, mwingine asema la, pua hii ni ya bibi. Twaomba, twanywa chai, twaaga. Ni desturi njema, wala hatuandiki maneno haya ili kuilaumu.

Lakini miaka michache iliyopita jambo moja lilitulazimu kuitazama upya. Tulikwenda kumwona mama mmoja kijana, ambaye mtoto wake alikuwa na wiki tano. Chumba kilikuwa safi, mtoto amenona, na sisi tulifurahi. Mama mwenyewe alikaa pembeni, akijibu anapoulizwa tu. Mmoja wetu akamwuliza mbona amenyong'onyea. Akasema hapati usingizi, hata mtoto akilala. Tukacheka kwa wema, tukamwambia ndio uzazi huo, atazoea. Kisha akasema kwa sauti ya chini ya kuwa wakati mwingine anaona heri mtoto huyu angelelewa na mtu mwingine aliye bora kuliko yeye. Hapo tukamjibu kwa haraka: "Usiseme hivyo, mwanangu. Mshukuru Mungu. Wako wanaomlilia miaka kumi, nao hawajapewa." Akanyamaza. Tukaimba wimbo wa mwisho, tukaenda zetu.

Siku tisa baadaye wifi yake aliamka usiku akamkosa kitandani. Alimkuta nje gizani, amekusudia asirudi tena ndani ya nyumba ile wala katika maisha haya. Kwa rehema za Mungu alimwahi. Zaidi ya hapo hatutaeleza. Alipelekwa hospitali, akatibiwa kwa miezi kadhaa, na leo ni mzima, analea, anafanya kazi yake, na yeye mwenyewe ndiye aliyetupa ruhusa ya kuandika haya. Tulipokwenda kumwomba radhi alitwambia hivi: "Mama zangu, siku ile nilikuwa nimekata shauri la kuwaambia. Nikaanza. Mkaniambia nishukuru. Basi nikajua ya kuwa hata kusema ni dhambi."

Neno hilo limetukaa moyoni mpaka sasa. Limetuletea maswali mawili ambayo twapenda kuyafikiri pamoja nanyi. La kwanza: Je, mama anayeona uzito wa kuishi baada ya kupewa mtoto, amemkosea Mungu? La pili: Sisi tuliokaa mkekani kwake tulikuwa na deni gani kwake ambalo hatukulilipa?

Kabla ya kujibu, yafaa tulijue jambo lenyewe. Waganga hutofautisha hali tatu. Ya kwanza ni huzuni ndogo ya siku za mwanzo. Kwa kawaida huanza kama siku ya tatu baada ya kujifungua. Mama hulia bila kujua sababu, mara hucheka, mara hukasirika. Huwapata zaidi ya nusu ya wazazi, na kwa kupumzika na kutunzwa huisha yenyewe ndani ya wiki mbili. Ya pili ndiyo ugonjwa wa huzuni wenyewe, ambao siku hizi huitwa sonona. Huu hauishi kwa wiki mbili. Unaweza kuanza wakati wa mimba, au wakati wowote katika mwaka wa kwanza wa mtoto. Mama hukosa usingizi, hukosa hamu ya chakula, haoni raha katika lolote, hujiona hafai, na wengine huona kama hawana upendo wowote kwa mtoto. Hapo ndipo mawazo ya kufa huingia. Ya tatu ni kichaa cha uzazi. Hiki ni adimu, huwapata mama mmoja au wawili katika kila 1,000, lakini huja ghafla, mara nyingi ndani ya wiki mbili za kwanza. Mama halali kabisa, husikia sauti, huamini ya kuwa mtoto amebadilishwa au ana pepo. Huyu apelekwe hospitali saa ile ile, sawasawa na mzazi anayetoka damu nyingi. Akitibiwa, ana tumaini kubwa la kupona. Ni aibu yetu ya kuwa jina la Mirembe, hospitali ya Dodoma inayotibu magonjwa ya akili, tumeligeuza kuwa mzaha wa kutupiana, hata mtu mwenye kuhitaji matibabu huona afadhali afe kuliko kusemwa.

Msidhani ya kuwa twazungumza habari za watu wachache. Shirika la Afya Duniani linakadiria ya kuwa, kwa dunia nzima, mama wapatao 13 katika kila 100 waliojifungua hupata ugonjwa wa akili, hasa huu wa huzuni, na katika nchi zinazoendelea hufika karibu 20. Hebu tufanye hesabu ya nyumbani. Mtaa ukibatiza watoto 50 kwa mwaka, basi kati ya mama waliosimama penye birika la ubatizo, huenda mama 10 walikuwa wagonjwa, nasi tukawapiga vigelegele bila kujua. Na huko Uingereza, ambako kila kifo cha mzazi huchunguzwa na kuandikwa, imeonekana ya kuwa katika vifo vinavyotokana na uzazi kati ya wiki ya 6 na mwaka mmoja baada ya kujifungua, kujiua ni chanzo cha kwanza. Angalieni wakati wenyewe: ni baada ya wiki ya 6, yaani wakati ule ambapo wageni wamekwisha kwenda zao, arobaini imetoka, na kila mtu anadhani kazi ya uzazi imekwisha.

Watu hupenda kujua sababu, na penye kukosa sababu hutafuta mkosaji. Baganda tangu zamani wanalo jina la ugonjwa wa akili unaompata mzazi, huuita amakiro. Mganga mmoja Mwingereza, John Cox, aliyefanya kazi Uganda katika miaka ya 1970, aliuchunguza akaandika habari zake mwaka 1979. Aliwakuta watu wakiamini ya kuwa huletwa na uzinzi wakati wa mimba. Baadaye akiwa Uskoti alilinganisha akina mama wa huko na wale wa Uganda, akaona ya kuwa ugonjwa wa huzuni baada ya uzazi uko pande zote mbili, kwa kiasi kinachokaribiana. Mwaka 1987 yeye na wenzake wawili walitoa karatasi ya maswali 10, inayojulikana kwa jina la mji wa Edinburgh, ambayo hutumika hadi leo katika nchi nyingi ili kumtambua mama aliye mgonjwa. Swali la mwisho kabisa humwuliza mama kama amepata wazo la kujidhuru.

Twajifunza mambo mawili hapa. Kwanza, wale wasemao ya kuwa huu ni ugonjwa wa Wazungu na wa watu wa mjini wamekosea. Wazee wetu waliuona, wakaupa jina. Pili, pamoja na jina waliuwekea na hatia, na hatia hiyo ikamwangukia mgonjwa. Nasi wa pwani tusiwacheke Baganda. Mtoto wetu akikonda twasema amebemendwa, na mama ambaye hana nguvu hata ya kunyanyua kata ya maji hupewa na mzigo wa kusutwa. Wengine husema amerogwa. Wengine husema ni mvivu, mbona sisi tulizaa kumi na jembe mkononi? Na sisi watu wa Kanisa, kwa kuwa hatusemi amerogwa, twasema hana imani. Neno letu lina sura nzuri zaidi, lakini linamchoma mahali pale pale.

Sababu zenyewe zajulikana kwa kiasi. Mwili wa mzazi hubadilika upesi mno siku anapojifungua. Damu imepungua, usingizi umekatwa vipande vipande. Tena aliyewahi kuugua huzuni kabla, aliyefiwa na mtoto wa mbele, anayepigwa au kutukanwa na mumewe, asiye na fedha ya kesho, asiye na mtu wa kumpokea mtoto hata kwa saa moja, huyo yuko karibu zaidi na hatari. Hakuna hata moja kati ya hizi ambayo ni dhambi yake.

Sasa tulitazame swali la kwanza kwa Maandiko. Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 11, yumo mtu anayelalamika kwa maneno ya mzazi. Si mwanamke, ni Musa. Watu wanalia, wanataka chakula, usiku na mchana hawamwachi. Naye anamwuliza Mungu: ni yeye aliyeichukua mimba ya watu hawa? Ni yeye aliyewazaa, hata aambiwe awabebe kifuani kama mlezi abebavyo mtoto anyonyaye? Anasema hawezi kuwachukua peke yake, mzigo umemlemea. Na mwisho anaomba, kama ndivyo atakavyotendewa, basi afe mara moja. Musa, mtumishi wa Mungu, alipotafuta mfano wa mzigo unaomfanya mtu atamani kufa, aliuona katika mama mwenye mtoto kifuani.

Mungu alimjibu nini? Tumesoma sura hiyo mara nyingi katika mikutano yetu. Hatukuona mahali alipomwambia hana imani. Hakumwambia awatazame wenzake wenye mizigo mizito zaidi. Hakumwambia ashukuru. Alimwambia akusanye wazee 70, ili wauchukue mzigo pamoja naye, asiuchukue peke yake. Kilio cha mtu mmoja kilijibiwa kwa mabega ya watu 70.

Na Eliya vivyo hivyo, katika 1 Wafalme, sura ya 19. Alikimbia nyikani, akaketi chini ya mretemu, akaomba afe, akalala. Malaika alipokuja hakuanza kwa mahubiri. Alimgusa, akamwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa na chombo cha maji. Eliya akala, akanywa, akalala tena. Malaika akaja mara ya pili, akamlisha tena, akasema ya kuwa safari hii ni kubwa kuliko nguvu zake. Maswali magumu Mungu alimwuliza baadaye, huko Horebu, alipokwisha kula na kulala. Twadhani mkunga yeyote mzee angefuata utaratibu huo huo.

Basi jibu letu kwa swali la kwanza ni hili: mama aliyechoka kuishi hajamkosea Mungu kwa kuchoka, wala kwa kulisema neno hilo. Kama ni dhambi, manabii wameitenda mbele yake, nao hawakukemewa bali walisaidiwa. Twaongeza neno moja. Kuna mama ambao huingiwa na wazo la kutisha juu ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, wakalichukia wazo hilo, wakatetemeka, wakaogopa hata kushika kisu cha kumenyea ndizi. Wazo linaloingia lenyewe na kumwogopesha mtu ni kama mwizi aliyevunja mlango, na mwenye nyumba hakumwalika. Lakini ataweza kupiga kelele ya mwizi ikiwa anajua ya kuwa majirani wakija hawatamfunga yeye.

Hapa wako watakaotupinga, na hoja yao ina uzito. Watasema: "Mkiwapa akina mama ruhusa ya kusema wamechoka na watoto wao, mnawafundisha kuwatupa. Upendo wa mama ni kitu kitakatifu, msiuguse." Nasi twasema upendo wa mama ni kitu kitakatifu kweli. Lakini upendo ni nini? Kama ni furaha ya moyoni tu, basi mama huyu aliyeamka mara nne usiku, akanyonyesha huku machozi yakimtoka, akafua nepi alfajiri bila kuona raha yoyote, huyo hampendi mtoto wake. Nani kati yetu atathubutu kusema hivyo? Yule Msamaria njiani hatuambiwi alijisikia vizuri kiasi gani alipokuwa akifunga vidonda. Twaambiwa alifunga, akampandisha juu ya mnyama wake, akalipa. Mama mwenye sonona anapenda kwa mikono wakati moyo wake umefungwa na ugonjwa. Ni upendo usiolipwa hata kwa furaha yake mwenyewe, na pengine ndio ulio ghali kuliko wote. Kumwambia mtu huyo kwamba hapendi ni kumnyang'anya kitu cha mwisho alichobaki nacho.

Tena kumponya mama ndiko kumlinda mtoto. Mwaka 2008 jarida la waganga liitwalo The Lancet lilitoa habari za kazi iliyofanyika vijijini karibu na Rawalpindi, nchini Pakistan, ikiongozwa na Atif Rahman. Mama wapatao 900 waliokuwa na ugonjwa wa huzuni tangu mimba walitembelewa nyumbani na wanawake wahudumu wa afya wa vijiji vyao, ambao hawakuwa waganga. Vijiji vyote vilipata idadi sawa ya matembezi. Tofauti ilikuwa hii: katika nusu ya vijiji wahudumu walikuwa wamefundishwa namna ya kumsikiliza mama, kumsaidia kuyapima mawazo yake, na kuwaingiza watu wa nyumbani katika kumsaidia. Miezi 6 baada ya kujifungua, katika vijiji vya kawaida waliobaki wagonjwa walikuwa 53 katika kila 100, na katika vijiji vile vingine walikuwa 23. Na watoto wa mama hao walihara mara chache zaidi, wakakamilisha chanjo kwa wingi zaidi.

Ndugu, tulipoisoma habari hii tulijiona sisi wenyewe. Matembezi tunayo. Miguu haijawahi kutushinda. Kilichopungua ni namna tulivyokaa na mama tulipofika. Na kazi hii haihitaji elimu kubwa. Huko Zimbabwe, mganga Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na bibi 14 wa eneo la Mbare, mjini Harare, akawafundisha kukaa bentchini na mtu mwenye huzuni na kumsikiliza mpaka aione njia ya kutatua shida moja, kisha nyingine. Mabenchi hayo ya urafiki yamefika hata Zanzibar. Kama bibi wa Mbare ameweza, bibi wa mtaa wetu hashindwi.

Hatuna budi kukiri pia ya kuwa Kanisa letu limechangia ukimya huu. Kitabu cha Sala cha mwaka 1662 kiliagiza ibada ya maziko isisomwe kwa mtu aliyejiua. Huenda waliotunga agizo hilo walitaka kuwatisha watu wasiuharibu uhai ambao ni mali ya Mungu, na kweli uhai ni mali ya Mungu. Lakini tisho halimfikii mgonjwa mahali alipo. Linamfundisha kuficha. Kanisa la Uingereza lenyewe limekwisha kuilegeza kanuni hiyo. Hata sheria za serikali, ambazo hazina machozi, zimetambua jambo hili. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, katika kifungu cha 199, haimhesabu kama muuaji wa kawaida mama aliyesababisha kifo cha mtoto wake aliye chini ya miezi 12, ikiwa akili yake ilikuwa imevurugika kwa sababu ya uzazi. Na Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka ya kuwa sheria ya kumshtaki mtu aliyejaribu kujiua ilikuwa kinyume cha Katiba ya nchi hiyo. Ikiwa mahakimu wamejifunza kuuliza, "Mtu huyu alikuwa anaumwa nini?" kabla ya kuhukumu, je, sisi tulioambiwa tubebeane mizigo tutangoja nini?

Sasa twafika kwenye swali la pili, la deni letu. Wazee walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Tukiutazama ukiwa kichwani pake, waonekana mwepesi kama usufi wa mto. Njia ya kuujua uzito wake ni kuweka mkono chini yake. Basi sisi wa Umoja wa Akina Mama tumekubaliana mambo kadhaa, nanyi nyote twawaomba mshirikiane nasi.

Kwanza, tukienda kumwona mzazi, tumwone mzazi. Mtoto wetu hupelekwa kliniki wiki ya 6, ya 10, ya 14, tena mwezi wa 9. Kila mara hupandishwa mizani, na uzito wake huandikwa kwenye kadi. Mzigo wa mama yake hauna mizani. Basi mmoja wetu na abaki nyuma wenzake wakitoka, akae naye faragha, amwulize: "Na wewe mwenyewe, mwanangu, hali yako?" Kisha anyamaze. Asilijaze lile kimya kwa nyimbo wala kwa ushauri.

Pili, tusiogope kuuliza waziwazi. Mama akionekana amezidiwa, tumwulize kwa upole kama amewahi kuona heri afe, au kama amewaza kujidhuru. Wengi hudhani kuuliza kutamtia wazo ambalo hakuwa nalo. Wataalamu wamelichunguza jambo hili, nao wasema sivyo. Mara nyingi swali hilo ni kama mlango uliofunguliwa kwa mtu aliyefungiwa.

Tatu, akijibu ndiyo, tusimwache peke yake hata usiku mmoja. Mtu anayemwamini akae naye. Dawa, sumu za shambani na vitu vya hatari viondolewe nyumbani. Apelekwe zahanati au hospitali siku ile ile, na mmoja wetu afuatane naye ili asije akapuuzwa kwa kuwa hana homa. Ugonjwa huu una tiba, na dawa nyingine zinaweza kutumiwa na mama anayenyonyesha kwa maelekezo ya mganga. Tutaomba pamoja naye kabla ya kuondoka, njiani, na tukirudi. Lakini sala isiwe sababu ya kuchelewa njiani. Mungu aliyemtuma malaika na mkate hatachukia tukimpeleka mama kwa tabibu.

Nne, tugawane mzigo kama wale wazee 70. Badala ya wote kwenda siku moja na kumaliza chai ya wenye nyumba, twende kwa zamu: leo mmoja afue, kesho mwingine ateke maji, keshokutwa mwingine amshike mtoto saa mbili mama alale. Zamani arobaini ya mzazi ilikuwa na mama yake, shangazi na bibi. Siku hizi mama wengi wamepanga chumba kimoja mjini, na asubuhi mume akienda kazini hubaki yeye, mtoto na ukuta. Hapo Kanisa ndilo liwe shangazi na bibi.

Tano, akina baba, twawaomba kwa heshima. Mtoto akilia usiku, kumbeba hakumpunguzii mwanamume kitu. Mke akisema amechoka, usimwambie mama yako alizaa tisa. Ukimwona amebadilika, wewe ndiwe wa kwanza kujua, na maisha yake huenda yakategemea utakalofanya wiki hiyo.

Sita, tutunze siri. Habari ya mama mgonjwa isifike kisimani wala kwenye mazoezi ya kwaya. Ni kweli mficha uchi hazai, lakini mtu hujifunua kwa mkunga, si kwa kijiji kizima.

Na saba, turudi. Turudi mwezi wa pili, wa nne, wa sita, wakati khanga mpya imekwisha kuchuja na hakuna anayeimba tena mlangoni.

Tunamalizia na jambo moja dogo kuhusu neno lile la kushukuru, ambalo sisi tulilitumia vibaya. Katika Kitabu cha Sala imo ibada fupi ya mwanamke kutoa shukrani baada ya kujifungua. Zaburi iliyowekwa ya kwanza kwa ibada hiyo ni ya 116. Isomeni nyumbani. Mwenye kushukuru hapo haanzi na furaha tu. Anaeleza namna mauti ilivyomzunguka, namna alivyopata taabu na huzuni, namna alivyolia, na ya kuwa alisikiwa. Ndipo anauliza amrudishie Bwana nini. Sisi tulimdai mama yule mwisho wa zaburi, naye alikuwa bado katikati yake.

Alikuja kutoa shukrani zake mtoto alipokuwa na mwaka mmoja na miezi mitatu, anatembea. Padri alimwuliza kama si vizuri aisome zaburi yeye mwenyewe. Aliisoma yote, polepole, na alipofika penye habari za mauti hakupunguza sauti. Sisi tulikuwa tumeketi benchi la mbele, tukisikiliza.